Jogoo wa Kimeo

Nina mdomo. Sikatai. Bibi anasema nina mdomo, walimu wanasema, na majirani wa bombani ndio kabisa.

Asubuhi kabla ya shule kazi zangu ni zilezile: kuchota maji, kufagia uwanja, kuwafungulia mbuzi, kumkorogea mama uji wa uwele. Kazi nafanya, tena vizuri, lakini kimya kimya siwezi. Mtu mzima akinipita foleni bombani namwamkia kwanza, "Shikamoo mama," halafu namwambia, "Ndoo yako iko kule nyuma." Bibi akizipata habari hizo husonya na kusema, "Loisi, mdomo uliponza kichwa. Iko siku utanikumbuka."

Kijiji chetu kiko mbele ya Zuzu ukitokea Dodoma mjini. Baba yangu, Daudi, muda mwingi yuko Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, anapakia magunia kwenye malori. Nyumbani tunabaki mimi, mama, na Bibi, mama mzaa baba. Mama anaitwa Ruthu na ni mpole kupita kiasi. Bibi akisema jua ni jekundu, mama atasema, "Ndiyo, Mama, ni jekundu." Mimi nitatoka nje kwanza nikaliangalie.

Mama alipokuwa mjamzito, siku za likizo mimi ndiye niliyemsindikiza kliniki. Nesi wa zahanati yetu anaitwa Kuluthumu. Ni mtu wa Kondoa, Kigogo hajui, na Kiswahili chake kinakwenda mbio. Wanawake wengi wa kwetu Kiswahili wanakisikia, lakini maelezo yakiwa marefu yanawapotea njiani. Siku ya kwanza tu nesi aliona mama anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, hata alipoulizwa anaumwa wapi.

"Wewe binti," nesi aliniambia, "unajua Kigogo?"

"Najua, na Kiswahili najua, na kuongea najua."

Akina mama wa kwenye benchi walicheka. Tangu siku hiyo nikawa mkalimani wa kliniki. Nesi anasema, mimi nageuza. Mama mjamzito ale mboga za majani na maharage, anywe vidonge vya kuongeza damu, alale ndani ya chandarua, asisubiri uchungu umkamatie shambani. Kitovu cha mtoto kisipakwe kitu, si majivu, si samli. Na dalili za hatari za mtoto mchanga nesi alizirudia kila mara mpaka akina mama wakawa wanamtania: mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka haraka, kifua kikibonyea ndani, mwili ukichemka au ukiwa wa baridi, usingoje kesho, mlete leo leo.

Mtu ukigeuza neno kutoka lugha moja kwenda nyingine, halikutoki tena kichwani. Umelibeba kwa mikono yako mwenyewe.

Mdogo wangu alizaliwa palepale zahanati, asubuhi ya jua kali, akalia mpaka wauza nyanya wa barabarani wakashangilia. Baba alikuja, akamwita Tumsifu, akakaa kidogo, akarudi Kibaigwa. Bibi alifurahi mno. Sitaki mtu afikiri Bibi yangu ni mbaya. Ndiye aliyenifundisha kukamua mbuzi na kupika mlenda usioungua. Usiku Tumsifu akilia ndiye anayeamka kwanza, kabla hata ya mama.

Mwezi haujatimia, Tumsifu akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu mwanzoni. Kisha akawa akinyonya anaacha, analia, anatapika. Bibi alimlaza mapajani, akamfunua mdomo kwa kidole, akachungulia kooni.

"Kimeo," alisema. "Kimerefuka mpaka kinagusa ulimi. Ndiyo maana mtoto anakohoa. Jumamosi mnadani, kwa Fundi Obedi, akikate."

Kimeo ni kale kanyama kanakoning'inia kooni mwa kila mtu. Kwetu wazee wengi wanaamini mtoto akikohoa sana ni kimeo kimekua, na dawa yake ni kukikata. Nesi Kuluthumu alikuwa amelisema hilo pia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeligeuza kwa Kigogo mbele ya akina mama wote: kikohozi hakitoki kwenye kimeo, kinatoka kifuani, na mtoto akikatwa anavuja damu, anapata vidonda na sumu mwilini, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

"Bibi, nesi alisema kimeo hakikatwi," nilisema.

"Nesi wako amezaa wangapi?"

"Sijui, lakini…"

"Mimi nilikatwa. Baba yako alikatwa. Mbona tupo?"

Baba alikuwa na dada, jina lake Anastazia. Mama aliwahi kuninong'oneza tukichambua mlenda kwamba Anastazia alikufa akiwa mchanga, damu ilikataa kukauka baada ya kukatwa kimeo. Nyumbani kwetu jina hilo halitajwi. Bibi akiulizwa kuhusu watoto wake husema tu kuna mmoja Mungu alimpenda zaidi. Siku hiyo jina lilinifika kwenye ncha ya ulimi, nikalirudisha.

Nikampigia baba simu. Nyuma yake nilisikia wapakiaji wakiitana na lori likinguruma.

"Baba, Tumsifu anaumwa. Bibi anataka akatwe kimeo."

"Loisi, mimi niko juu ya gari. Bibi yako amelea watoto tangu hujazaliwa. Msikilizeni yeye."

"Baba, lakini nesi…"

"Msikilizeni bibi yako." Simu ikakatika.

Basi! Nyumba nzima ilikuwa na wakubwa, na hakuna hata mmoja wa kusema hapana.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mama ameketi mlangoni, Tumsifu mikononi. Mtoto alikuwa halii tena. Pua zake zilikuwa zinacheza, na chini ya mbavu kifua kilikuwa kinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Nilimgusa shingo, akaniunguza.

"Mama, kifua kinaingia ndani."

"Nimeona," mama alisema bila kuinua macho.

"Nesi alisema tusingoje kesho."

"Nimesikia alivyosema, Loisi. Wewe ndiye uliyenigeuzia."

"Sasa?"

"Sasa bibi yako ndiye mkubwa hapa. Nikimpinga, nitaishi wapi?"

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nilimkasirikia mama, nilimkasirikia baba na lori lake, na Bibi aliyekuwa uani anamfunga jogoo miguu huku anaimba wimbo wa kanisani. Aliniita.

"Shika huyu. Wewe ndiye utakayembeba."

Fundi Obedi hapokei fedha. Ndivyo alivyoachiwa kazi na baba yake: jogoo mzima, mwenye afya, akabidhiwe mkononi kabla chombo chake hakijaingia mdomoni mwa mtoto. Bila jogoo hakati, hata umlilie. Watu wa kwetu wote wanalijua hilo. Kwa hiyo nikambeba jogoo wetu mwekundu kwapani, yule aliyekuwa akiniamsha kila alfajiri, tukashika njia ya mnadani. Bibi alitangulia na Tumsifu mgongoni. Mama alifuata akijifunika khanga mpaka kichwani, ingawa jua lilikuwa linawaka.

Mnada wetu ni mkubwa. Ng'ombe na mbuzi wako upande mmoja, nyama choma na redio upande mwingine, katikati mitumba na vyungu. Fundi Obedi hukaa chini ya turubai la buluu, nyuma ya wauza kamba za ng'ombe. Akina mama walikuwa foleni, kila mmoja na mtoto mgongoni na jogoo mkononi. Yeye mwenyewe ni mzee mpole, ana miwani na sauti ya chini. Mbele yake palikuwa na kikombe cha bati chenye maji ya vuguvugu, na ndani ya kikombe waya mrefu uliopindwa ncha na kunolewa. Waya huohuo mmoja kwa watoto wote. Niliuona ukitoka kwa mtoto mmoja, ukachovywa majini, ukangoja mwingine.

Zamu yetu ikafika.

"Mbukwenyi," Bibi alisalimia.

"Mbukwa, mama. Mlete mjukuu." Bibi alimshusha Tumsifu mgongoni, fundi akamshika kidevu. "Eee, huyu kimeo kimemkaba hasa. Jogoo yuko wapi?"

"Loisi, mpe babu jogoo."

Nilisogea mbele. Nikaifungua kamba miguuni mwa jogoo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu."

"Jogoo huyu sikupi."

Nikafungua mikono. Jogoo aliruka juu ya kikombe cha bati, akakanyaga sufuria ya maandazi ya mama mmoja, akapenya katikati ya miguu ya ng'ombe, huyooo! Vijana wa mnadani wakamkimbilia wakipiga miluzi, vumbi likatimka, mara wakapotea wote nyuma ya malori.

Bibi alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Amekuponyoka," alisema polepole. Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Ningeitikia tu, mambo yangekwisha kwa kofi moja.

"Hakuniponyoka, Bibi. Nimemwachia."

"Umemwachia?"

"Nimemwachia. Tumsifu hana kimeo, ana kifua. Nesi yupo zahanati, si mbali. Twende sasa hivi."

Watu wakaanza kujaa. Mfugaji mmoja alinyoosha fimbo akasema mtoto kama mimi dawa yake ni bakora. Mwanamke mwingine akauliza nimelelewa wapi. Nilimwona Bibi aibu ikimpanda usoni, na aibu yake ikageuka hasira.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" alipiga kelele.

"Na livunjike, Bibi! Guu litaungwa. Huyu akikatwa koo, nani atamuunga?"

Nilidhani nimeshinda. Bila jogoo fundi hakati, na jogoo alishafika huko kusikojulikana. Lakini mama mmoja wa nyuma kwenye foleni, kwa huruma yake, alinyoosha mkono na jogoo wake mweupe.

"Bibi, chukua wangu. Mimi nitangoja mnada ujao, mtoto wangu hajazidiwa. Tazama huyo wako anavyopumua kwa taabu."

"Mungu akubariki," alisema Bibi, akaunyoosha mkono kumpokea.

Ujanja wangu wote ukawa umekwisha hapo. Fundi Obedi alikwishautoa waya kwenye kikombe na alikuwa anaukung'uta maji. Tumsifu hakulia hata alipofunguliwa mdomo. Ndipo lile jina nililolimeza siku zote likatoka lenyewe.

"Na shangazi Anastazia, Bibi? Ulisema mlikatwa na bado mpo. Anastazia yupo wapi?"

Mkono wa Bibi uliganda hewani. Jogoo mweupe alikuwa anapapatika mbele yake na yeye hamshiki. Nilimwona anazeeka palepale, mbele ya macho yangu, na nikatamani kulirudisha lile neno. Lakini sikulirudisha.

Wakati huo khanga ikaanguka chini. Ilikuwa khanga ya mama. Alipita mbele yangu, akamfikia Bibi, akanyoosha mikono miwili.

"Mama, nipe mwanangu."

"Ruthu…"

"Sijawahi kukujibu tangu niolewe. Ukisema kaa, nakaa. Leo nakujibu. Mtoto huyu hakatwi. Nipe."

Akamchukua Tumsifu, akamkumbatia kifuani, akageuka. Mfugaji wa fimbo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupisha njia. Nyuma yetu Fundi Obedi alirudisha waya kwenye kikombe na kusema kwa sauti yake ileile ya upole, "Anayefuata."

Tulikimbia. Mama aliyekuwa hatoki hata uani kwa uchovu wa uzazi alinipita mbio. Tulikata shamba la mabua, tukaruka korongo, ndala zangu zikabaki huko, sijui ng'ombe wa nani alizitafuna.

Nesi Kuluthumu alikuwa anafunga dirisha. Alipomwona mtoto hakungoja salamu. Alimlaza kitandani, akamfunua kifua, akakitazama kikipanda na kushuka huku macho yake yakiwa kwenye saa. Akampima joto.

"Hii ni nimonia," alisema. "Amekatwa kimeo?"

"Hapana," nilijibu. "Tumekataa."

Nesi aliinua macho akanitazama, kisha akamtazama mama, miguu peku, vumbi mpaka magotini.

"Mmekataa," alirudia, akaanza kutayarisha sindano. "Loisi, mgeuzie mama yako. Nampa dawa ya kwanza sasa, lakini mtoto mdogo hivi sitamtibu hapa peke yangu. Anahitaji hospitali, na anahitaji oksijeni. Napiga simu ya dharura ya mama na mtoto, gari lije. Gari halilipiwi. Asiogope."

Nikageuza. Mama akaitikia kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Siogopi."

Gari lilikuwa Noah ya Kefa, dereva wa kijiji cha pili aliyeandikishwa kubeba wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura. Alikuja akipiga honi tangu mbali. Mama akaingia na nesi, mlango ukafungwa, wakaenda mjini. Mimi nikabaki barabarani, miguu peku, na kazi iliyobaki ilikuwa kurudi nyumbani kwa Bibi.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda anapepeta uwele. Nilimwamkia, hakuitikia. Nikawafungia mbuzi, nikasonga ugali, nikapika mlenda, nikamtengea sahani yake mbele ya kigoda kama kawaida. Hakula. Nami sikuomba radhi. Nilikuwa nimekosa adabu mbele za watu, hilo nililijua, lakini kusema nimekosea kumwachia jogoo ungekuwa uongo, na uongo siujui kuusema.

"Ulitaja jina la mwanangu mnadani," alisema mwishowe, giza likianza kuingia.

"Ndiyo, Bibi."

"Mbele ya ng'ombe na wauza maandazi."

"Nisamehe kwa hilo, Bibi. Kwa jogoo usinisamehe."

Alisonya. Kisha akaivuta sahani.

Kesho yake simu ililia tukitoka kanisani. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Tumsifu alikuwa amewekewa oksijeni na dawa za mshipa, na alfajiri ile alikuwa amenyonya, kwa mara ya kwanza tangu augue. Bibi alisikia yote, maana mama akiwa na furaha simu yake husikika mpaka kwa jirani. Tulipofika nyumbani aliingia ndani, akatoka amevaa khanga yake ya sikukuu.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Wapi tena? Mtu hamwoni mjukuu wake?"

Hospitalini, wodi ya watoto, tulimkuta baba naye amekwisha kufika kutoka Kibaigwa, nguo zimejaa unga wa magunia. Alinishika bega akasema, "Ulinipigia na sikukusikiliza." Akashindwa kuendelea, na mimi mara hiyo moja nikafunga mdomo.

Kwenye kitanda cha jirani palikuwa na mama kijana na mtoto mchanga mwenye shingo iliyovimba. Hakuwa analia, alikuwa anakoroma. Bibi aliuliza kwa Kigogo mtoto ana nini. Yule mama akajibu kwamba alikohoa, wakamkata kimeo huko kwao, damu ikatoka siku nzima, sasa koo limeoza na madaktari wanahangaika. Bibi alikaa kwenye kitanda kile muda wote wa kuona wagonjwa. Alimshika yule mama mkono. Tulipoambiwa tutoke alikuwa wa mwisho kuinuka.

Tumsifu alirudi nyumbani akiwa na mashavu yake. Yule mtoto wa kitanda cha jirani hakurudi kwao.

Bibi alipopata habari hizo alikaa mlangoni siku nzima. Nilimpelekea uji, akaukataa. Nilimpelekea Tumsifu, akampokea.

Mnada uliofuata Bibi aliniambia nimsindikize kununua chumvi. Chumvi inauzwa karibu na nyama choma, lakini Bibi aliipita. Akapita mitumba, akapita wauza kamba, mpaka kwenye turubai la buluu. Foleni ilikuwepo. Mwanamke wa kwanza kwenye foleni alikuwa yuleyule aliyetaka kutuazima jogoo wake mweupe. Mtoto wake sasa alikuwa amezidiwa, anakohoa kikohozi kikavu mgongoni, na jogoo alikuwa mkononi, tayari kukabidhiwa.

"Mwanangu," Bibi alimwambia, "siku ile ulinihurumia. Na mimi leo nakuhurumia. Nipe huyo jogoo."

Yule mama alimpa, labda akidhani Bibi anataka kumshikia. Bibi akaivuta kamba ya miguuni mwa jogoo, akafungua mikono.

Jogoo mweupe akaruka!

"Weee!" mwenyewe alipiga kelele. "Bibi, umefanya nini?"

"Nimemwachia," alisema Bibi. "Nina mitetea na majogoo nyumbani, nitakulipa mzuri kuliko huyo. Lakini mtoto akikatwa, siwezi kukulipa mtoto."

Fundi Obedi aliinuka. "Mama, unaniharibia kazi niliyoachiwa na baba yangu."

"Obedi, baba yako ndiye aliyemkata Anastazia wangu," Bibi alijibu, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye ng'ombe. "Nilinyamaza. Nilisema Mungu alimpenda. Mungu hakumwita, sisi ndio tuliompeleka. Nilinyamaza kwa sababu wakubwa walisema, na mimi nikawa mkubwa, nikawanyamazisha walio chini yangu. Basi leo nasema mbele yenu wote: heshima ni kumwamkia mkubwa, kumpisha mahali pa kukaa, kumpa maji. Kumwachia akosee na mtoto afe, hiyo si heshima. Mtoto akikohoa, njia ya zahanati mnaijua."

Mama mmoja nyuma ya foleni alijifunga mtoto wake vizuri, akaondoka bila kuaga. Mwingine akamfuata. Wengine walibaki, siwezi kusema wote walisikia. Yule mwenye jogoo mweupe alikuwa bado amesimama, machozi yanamtoka, hajui ashike lipi.

"Huyo nesi anasema nini?" aliuliza kwa Kigogo. "Mimi Kiswahili kinanipotea."

Bibi aligeuka, akanishika mkono, akanisogeza mbele ya watu wote.

"Loisi," alisema, "wewe una mdomo. Mweleze."

Nikamweleza tangu pale hadi mlangoni kwa Nesi Kuluthumu, na Bibi alitembea mbele yetu akitutafutia njia.